Ukiwa Chini Huioni Nyota: Maswali ya Wanaotaka Kwenda Hakodate

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wapenzi wa Detective Conan, katuni ya Kijapani ya upelelezi. Wanaitaka Hakodate, mji wa bandari kaskazini mwa Japani ambako ndiko mkasa wa filamu ya 2024, The Million-dollar Pentagram, unakotokea. Aliyeuliza mwisho wake ukoje, akaitazame.

Shikamoo. Nisimame wapi nipate ile picha ya ngome ya nyota? (Masasi)

Marahaba. Si ndani ya ngome. Goryokaku, iliyokamilika 1864, ni bustani ya wazi na kuingia ni bure, lakini ukiwa chini utaona mfereji wa maji, kuta za mawe na miti, basi. Pembe tano zinaonekana kutoka juu tu, kwa hiyo lipia kupanda mnara wa mita 107 ulio jirani. Kutoka stesheni ya Hakodate panda tramu, shuka Goryokaku-koen-mae, kisha tembea kama robo saa. Huko juu unapiga kupitia kioo: gusisha lenzi kwenye kioo na vaa nguo nyeusi. Ukivaa shati jeupe na kusimama mbali, utarudi na picha ya shati. Sakura, maua ya mcheri, huchanua mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Wakati wa theluji mistari ya nyota hujichora vizuri zaidi, ila Januari baridi hushuka chini ya sifuri. Koti la Njombe halitatosha.

Viza inahitajika? (Newala)

Ndiyo. Nimeshajibu hili mara ngapi? Unaomba ubalozi wa Japani, Dar es Salaam. Andaa ratiba ya siku kwa siku na taarifa ya benki. Pesa ya kuazima iliyoingia kwenye akaunti jana inajionyesha yenyewe. Usilipe tiketi kabla ya viza kutoka. Na anayekuambia ana mtu wake ubalozini, mkimbie.

Nikifikia Tokyo, naweza kwenda Hakodate na kurudi siku hiyohiyo? (Lindi mjini)

Unaweza, lakini utakuwa umelipia viti vya treni tu. Shinkansen, treni ya kasi, huchukua kama saa nne na inakushusha Shin-Hakodate-Hokuto, nje ya mji; hapo unabadili treni, kama dakika 20 zaidi. Ukilazimika kurudi, taa za usiku huzioni, na hizo ndizo zinazowapeleka watu Mlima Hakodate. Lala huko siku mbili. Gari la waya linakufikisha juu ya mlima huo wa mita 334 kwa dakika tatu, lakini upepo ukizidi linasimamishwa, kwa hiyo mlima usiuachie usiku wa mwisho. Fika juu nusu saa kabla jua halijazama. Wanaotamba kwamba watakodi gari wajue barabara ya mlimani hufungwa majira ya baridi.

Chakula halali nitapata? (Mikindani)

Kuwa mwangalifu na rameni ya chumvi, tambi za supu ambazo ni fahari ya mji: supu yake mara nyingi ni ya mifupa ya nguruwe na kuku. Soko la asubuhi karibu na stesheni lina ngisi na samaki wa kutosha kwa mtu wa pwani. Uliza pia kuhusu mirini, kiungo chenye kilevi.

Sina hela ya Japani. Huku kwetu hakuna ngome? (Kilwa Masoko)

Wewe unaishi Kilwa Masoko na unaniuliza mimi? Vuka maji! Kilwa Kisiwani imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Chukua kwanza kibali hapo Masoko, ndipo utafute mashua. Muulize nahodha saa za kupwa na kujaa, maana maji yakipwa unaweza kumalizia kwa miguu kwenye tope. Wengi hupiga picha Gereza (ndiyo ngome yenyewe) na Msikiti Mkuu, wakarudi. Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14, liko mbali kidogo na hapo, na lina birika la pembe nane. Usikanyage juu ya kuta. Ni matumbawe na chokaa, zinamomonyoka.

Droni je? (Nachingwea)

Ikifika gramu 100, Japani lazima isajiliwe kabla ya kuruka, tangu Juni 2022. Iache nyumbani.