Shemeji Halipi, Chama Kinadai: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Mikindani. Mume wangu alikuwa karani katika yadi ya makontena hadi alipoachishwa kazi mwaka jana, na tangu hapo tunaishi kwa mahamri na mbaazi ninazouza alfajiri karibu na steji. Kabla ya hayo, mdogo wa mume wangu aliniomba nimdhamini akope shilingi 60,000 katika chama chetu cha wanawake wa kanisani ili amalizie malipo ya tuktuk. Chama huruhusu mtu wa nje kukopa akidhaminiwa na mwanachama. Alilipa shilingi 10,000, kisha akanyamaza. Sasa akiba yangu inakatwa kila mwezi, na wanachama wawili wamesema ikiisha watakuja kuchukua jiko langu la gesi. Shemeji hapokei simu, na akituona njiani hupita njia nyingine. Kaka zake wakubwa wanataka tuishike tuktuk yenyewe. Mama mkwe anasema ndugu hawadaiani, na mume wangu kila nikilalamika hunifungulia Mathayo 5:42: "Akuombaye, mpe, naye atakaye kukopa kwako, usimpe kisogo." Je, nikidai ninatenda dhambi? Na je, Biblia inasemaje juu ya marafiki? Wale tuliokuwa tukila nao Jumapili hawapiti tena kwetu.
Mama wa Mikindani

JIBU: Mama, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake si refu. Mithali 14:20 yasema, "Maskini huchukiwa hata na jirani yake, bali tajiri ana rafiki wengi." Hiyo si amri wala si sifa. Ni taarifa tu, kama mvuvi wa Likoni anavyosema kwamba kusi imeanza kuvuma, na mwenye chombo ajue la kufanya. Ayubu aliyaona hayo kabla yako: ndugu zake, dada zake na wote waliomjua zamani wanatajwa kuja kula mkate nyumbani kwake katika sura ya 42, baada ya kuandikwa kwamba mambo yake yamekwisha kutengenea, na kila mmoja akaja na kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Mimi ningewauliza walikuwa wapi. Ayubu hakuwauliza, au kama aliwauliza, mwandishi hakuona haja ya kutusimulia.

Hata hivyo usiwahukumu wageni wako wote kwa kipimo kimoja. Hapa kwetu mgeni akifika mwenyeji hulazimika kupika, naye mgeni mwenye haya, akijua kwamba baba wa nyumba hana kazi, huona afadhali asije kuliko kuwamalizia unga. Tangu treni za mizigo za reli mpya ya SGR zilipoanza kupeleka makontena Nairobi mwaka 2018, nyumba nyingi za Changamwe, Miritini na hapo kwenu Mikindani zimepungukiwa na kazi za malori na yadi, kwa hiyo huenda hata hao unaowangoja wamekaa kwao wakikungoja wewe. Waalike wewe, tena uwaambie mapema kwamba ni mchicha na sima. Mithali 15:17 yasema, "Chakula cha mboga penye mapendano, ni bora kuliko ng'ombe aliyenona pamoja na kuchukiana." Atakayekataa mchicha utakuwa umemjua bila gharama kubwa.

Sasa tuje kwenye deni. Mume wako amenukuu andiko la kweli, lakini analisomea mtu asiyehusika. Maneno hayo anaambiwa mwenye kitu mkononi, aliyeombwa na asiye nacho. Aliyekwisha kupokea ana andiko lake, nalo ni Zaburi 37:21: "Asiye haki hukopa wala halipi." Tena mtu hutoa kilicho chake, ilhali shilingi 60,000 hazikuwa zako wala za mume wako. Zilikuwa za wanawake wa chama, waliozichanga kidogo kidogo kwa kuuza viazi karai, kufua nguo za watu na kushona. Mkarimu wa mali ya wengine ni mtu wa hatari, hata akiwa na Biblia mkononi.

Msemo wa mama mkwe kwamba ndugu hawadaiani haumo katika Maandiko, ingawa nawajua watu wanaoapa kwamba umo. Torati inazungumzia deni kati ya ndugu kwa ndugu mara nyingi, na sheria haiwekwi juu ya jambo lisilokuwepo. Kutoka 22:25 yakataza kumtoza riba maskini wa jamaa yako. Kumbukumbu la Torati 15 yaamuru maachilio ya madeni kila mwaka wa saba, kisha yamwonya mwenye mali asije akamnyima ndugu yake maskini kwa kuhesabu kwamba mwaka huo umekaribia na hatarudishiwa chake. Utaona kwamba mzigo mkubwa ameandikiwa mwenye nguvu. Ndiyo sababu swali la kwanza katika kila deni la ukoo ni hili: nani hapa ndiye maskini? Katika barua yako, mwenye chombo kinachoingiza fedha kila siku ni shemeji, na anayekatwa akiba huku mume hana kazi ni wewe. Mume wako na mama mkwe wanamhurumia mtu asiyestahili kuhurumiwa wa kwanza. Kwa hiyo hapana, mama, kudai si dhambi.

Lakini namna ya kudai ina mipaka, na hapa nawapinga kaka zake wakubwa. Kumbukumbu la Torati 24:6 yakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, la chini wala la juu, kwa maana kufanya hivyo ni kutwaa maisha ya mtu. Jiwe la kusagia ndilo lililomtengenezea mtu unga wa siku hiyo, na ukichukua moja tu kati ya hayo mawili, lililobaki halina kazi. Tuktuk ndiyo jiwe la kusagia la shemeji yako. Mkiifunga uani kwa mnyororo, mtakuwa mmemnyima njia ya kula na njia ya kuwalipa kwa mara moja, kisha mtakaa mnaitazama ikipata kutu kwa upepo wa bahari. Aya chache mbele, sheria hiyo hiyo inamzuia mdai asiingie nyumbani mwa mdaiwa kujichagulia rehani. Asimame nje, mwenye nyumba atoke nayo mwenyewe. Heshima ya mtu mbele ya mkewe na watoto wake haikukopwa, kwa hiyo haiwezi kuchukuliwa kulipia deni.

Na kwa kuwa sheria haichagui upande, nakuomba uisome aya hiyo ya 6 katika kikao cha chama. Jiko lako la gesi ndilo linalokaanga mahamri. Wale wanachama wawili hawana budi kuambiwa, kwa upole lakini waziwazi, kwamba wakilibeba jiko watakuwa wamelibeba pamoja na malipo yao.

Habari inayofanana zaidi na yako iko Nehemia sura ya 5. Watu wa Yerusalemu walipopatwa na njaa waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka. Wengine walikopa fedha za kulipa kodi ya mfalme, hata wakawatoa wana na binti zao utumwani, na waliowakopesha walikuwa Wayahudi wenzao. Wazee wa pwani yetu hawahitaji kufafanuliwa sura hiyo. Katika njaa za karne ya 19, zilikuwapo jamaa katika vijiji vya nyuma ya Mombasa zilizowaweka watoto wao rehani kwa wenye nafaka, na si wote waliokombolewa. Nehemia aliposikia kilio alikasirika sana, lakini kabla ya kugombana na wakuu alifanya shauri na nafsi yake. Kisha aliitisha mkutano, akawaagiza warudishe mashamba na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza, na papo hapo akakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wamekopesha. Hakujitenga na kosa la wenzake.

Fanyeni vivyo hivyo. Usimwendee shemeji matangani wala harusini, mahali ambapo atalazimika kutetea jina lake badala ya kujibu. Mathayo 18 yaanza na wewe na yeye peke yenu. Kama simu hapokei, mume wako aende nyumbani kwake jioni, na akikataa, arudi pamoja na mzee mmoja wa ukoo anayeheshimiwa na pande zote mbili. Mume wako akiri kwanza sehemu yake, kwamba alikutumia aya ya Biblia ili akunyamazishe. Kisha waulizane kwa hesabu, si kwa hasira, tuktuk huingiza kiasi gani baada ya mafuta. Akiweza kutenga shilingi 200 kwa siku, siku sita kwa wiki, hiyo ni 1,200, na zile 50,000 zilizobaki zitamalizika katika wiki 42 hivi. Fedha ziende moja kwa moja kwa mweka hazina wa chama, zisipitie kwako wala kwa mama mkwe, na makubaliano yaandikwe.

Kuhusu kudhamini tena, Mithali ni kali: sura ya 6 yamwambia aliyemdhamini jirani yake asilale usingizi mpaka ajiponye kama paa mkononi mwa mwindaji, na sura ya 22 yauliza kwa nini mtu anyang'anywe kitanda anacholalia. Ningekuwa mwongo, hata hivyo, kama ningekuambia Biblia nzima inasema hivyo. Yuda alijitoa kuwa mdhamini wa Benyamini, na siku ilipofika akasema yuko tayari kubaki mtumwa mahali pake. Paulo alimwandikia Filemoni kuhusu Onesimo kwamba kama anawiwa kitu, yaani anadaiwa, kiandikwe juu yake Paulo, na akaongeza kwamba ameandika kwa mkono wake mwenyewe na kwamba atalipa. Tofauti ni kwamba kila mmoja wa hao alitoa kilicho chake, na alikuwa amekwisha kujihesabu kuwa mlipaji. Wewe ulitia sahihi ukitumaini kwamba hutalipa kamwe. Siku nyingine ukiombwa, jiulize kama kiasi hicho ungeweza kukitoa zawadi. Kama huwezi, kataa siku hiyo hiyo na uso ukiwa mkunjufu, badala ya kukubali leo na kununa miaka miwili.

Jambo moja zaidi. Yule mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye aliyemwia mumewe alikuja kuwachukua wanawe wawili (kitenzi hicho "kuwia", yaani kumdai mtu, vijana wetu hawakijui tena, ingawa madeni wanayajua), aliulizwa na Elisha ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Hakutumwa kwa majirani kuomba fedha. Alitumwa kuazima vyombo vitupu, tena wala si vichache, na mafuta yalipouzwa deni lililipwa kwanza, wakaishi kwa kilichobaki. Marafiki wako wanaopita mbali huenda wanaogopa kuombwa fedha. Waombe vyombo: mmoja akuagizie mahamri ya kikao chake, mwingine akuazime meza na kivuli mbele ya duka lake.

SWALI: Mwalimu, nafunga ndoa Desemba. Nina mikopo ya simu ya jumla ya shilingi 34,000, na mchumba wangu hajui. Familia yake inaniona mtu aliyejipanga. Nimwambie, au nilipe kimyakimya baada ya harusi?
Kijana wa Likoni

JIBU: Mwanangu, Mithali 13:7 inamtaja mtu ajitajirishaye, lakini hana kitu. Huyo ndiye wanayemjua wakwe zako, nawe unataka kumwoza kwa binti yao. Deni lako si kubwa kiasi cha kuvunja uchumba, lakini kulificha kunaweza kuvunja ndoa, kwa sababu siku atakapoziona jumbe za madai katika simu yako hatauliza kiasi, atauliza ni nini kingine. Luka 14:28 humtaka mwenye kujenga mnara akae kwanza ahesabu gharama. Basi kaeni wawili na simu mkononi, mhesabu, kisha mpunguze wageni. Kana ya Galilaya divai iliwaishia harusini, na hakuna palipoandikwa kwamba bibi harusi alirudi kwao. Mwambie kabla ya kikao cha mahari.