Je, Niitie Bastola Yangu Mtutu wa Risasi Yenye Nguvu Zaidi?

SWALI: Mwalimu, natumai u mzima wa afya. Mimi ni Mkenya ninayeishi Houston, Texas, ambako nina duka ninalolifunga saa sita ya usiku. Miaka miwili iliyopita nilinunua bastola aina ya Glock 23 iliyokwisha kutumika, ambayo muuzaji aliniambia ilitoka kwa polisi, nayo hupiga risasi ya .40 (yaani yenye kipenyo cha inchi 0.40). Katika uwanja wa shabaha ninapofanyia mazoezi, mwenzangu amenishauri ninunue mtutu wa .357 SIG niutie humo humo, kwa kuwa risasi hiyo ina nguvu zaidi, na amenionyesha kwamba kazi yenyewe haichukui hata dakika mbili. Je, nifanye hivyo? Kaka yangu aliye Nairobi naye ana Glock 19 ya 9 mm yenye leseni, na anauliza kama anaweza kuipandisha nguvu kwa njia hiyo hiyo. (Mwenye duka, Houston)

JIBU: Ndugu mwenye duka, kuhusu wepesi wa kazi mwenzako amesema kweli. Risasi ya .357 SIG, iliyotoka mwaka 1994, iliundwa kwa kulifuata ganda la .40 (kikopo kinachobeba baruti) na kulibana shingo ili lishike kichwa chembamba (kile kinachoruka), ambacho kipenyo chake ni cha 9 mm hasa, ingawa jina linadokeza vingine. Kwa kuwa kitako cha ganda ni kile kile, slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapofyatua) na magazini (kisanduku cha risasi) ya bastola yako huipokea bila kubadilishwa chochote, na hata Glock 32, iliyoundwa kiwandani kwa ajili ya .357 SIG, ni ndugu wa damu wa hiyo yako. Sheria ya shirikisho ya Marekani nayo huihesabu fremu (kiunzi chenye mshikio) yenye namba kuwa ndiyo silaha, kwa hiyo mtutu hununuliwa kama kipuri kingine. Hata hivyo ushauri wangu ni kwamba usiubadili, na naomba univumilie nieleze sababu, maana jambo hili linagusa uhai wako na uhai wa watu walio upande wa pili wa ukuta wa duka lako.

Nguvu hiyo ipo kweli. Kichwa cha kawaida cha 9 mm kina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 350 kwa sekunde, sawa na nishati ya jouli 490 hivi. Cha .40 ni kizito zaidi, gramu 11.7, kikienda kwa mita 300, nacho hufikia jouli 525. Cha .357 SIG kina gramu 8.1 na mwendo wa mita 410, yaani jouli 680. Kwenye karatasi pengo ni kubwa, lakini risasi ya bastola, tofauti na ya bunduki ya kuwindia, huumiza zaidi kile inachokigusa yenyewe. Kinachotakiwa ni ifike ndani vya kutosha na ipite mahali panapostahili. Kipimo kinachotumiwa na FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho la Marekani, katika jeli ya majaribio inayoiga nyama ya mwili ni sentimita 30 hadi 45, na risasi za kisasa zenye kichwa chenye shimo, ziwe za 9 mm, .40 au .357 SIG, zikitengenezwa vizuri hufika hapo zote.

Historia ya hiyo .40 yako inafundisha jambo hili hili. Tarehe 11 Aprili 1986 maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili huko Miami, na maofisa wawili wakauawa. Risasi moja ya 9 mm ilimpata jambazi mkononi, ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kuufikia moyo, naye akaendelea kupigana. Kutokana na mkasa huo FBI iliikimbilia risasi ya 10 mm, ikaona ni kali mno kwa maofisa wengi, ikaipunguza nguvu, na mwaka 1990 ikatokea .40 yenye ganda fupi zaidi. Polisi wengi wa Marekani wakaifuata. Kisha vichwa vya 9 mm vikaboreshwa, na katikati ya miaka ya 2010 FBI yenyewe ikarudi kwenye 9 mm, kwa sababu maofisa waliilenga vizuri zaidi na kwa haraka zaidi, na magazini ikabeba risasi nyingi zaidi. Idara nyingi nazo zikauza bastola zao za .40, na huenda yako ni mojawapo.

Sasa nikupeleke uwanjani. Nilipata kumfundisha mwanafunzi aliyekuja na bastola ya .357 SIG, akilalamika kwamba shabaha imepinda. Kwenye karatasi yake, umbali wa mita saba, tundu la kwanza lilikuwa katikati na mengine manne yaliteremka kushoto kama ngazi. Nilimwomba anipe magazini, nikachomeka risasi bandia katikati ya zile za kweli bila yeye kuona ni ya ngapi. Alipoifikia, bastola haikulia, lakini mdomo wa mtutu uliinama karibu upana wa vidole viwili, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekwisha kujihami dhidi ya kishindo ambacho hakikuja. Alibaki akiutazama mkono wake kwa muda. Bastola haikuwa na kosa lolote; mwili wake ulikuwa umejifunza kuiogopa.

Ili nisitie chumvi, teke la .357 SIG halizidi sana la .40 unayoijua, wengine huliona kuwa la ghafla zaidi tu. Linalozidi ni mlio na mwako. Katika duka lililofungwa, usiku, bila vizibo vya masikio, kishindo hicho kitakuziba masikio na ule mwali utakupofusha kwa muda, wakati ule ule unapohitaji kujua kama aliye mbele yako ameanguka, amekimbia, au ni mteja aliyejibanza nyuma ya rafu. Tena kuta za ndani za majengo mengi ya Marekani ni mbao za jasi, ambazo risasi yoyote ya bastola huzipenya, na itakayokosa shabaha itaishia kwa jirani. Ndiyo maana ninajali zaidi risasi ngapi kati ya kumi zinaingia ndani ya duara kuliko jouli zake.

Kuna pia gharama. Risasi za .357 SIG ni ghali na ni adimu madukani, hivyo utafyatua chache, na anayefyatua chache hubaki pale pale alipo. Na nyumba yenye aina mbili za risasi kwa bastola moja inahitaji uangalifu mkubwa sana, kwani risasi isiyolingana na mtutu inaweza kukwama au kupasua ganda mkononi mwako.

Kama unataka kubadili kitu, iuze Glock 23 ununue Glock 19, inayoingia katika kiganja kile kile na kubeba risasi 15 badala ya 13. Kama unaipenda hiyo uliyo nayo, iwekee springi mpya, kwa kuwa hujui waliotangulia walifyatua mara ngapi, na fedha za mtutu uzinunulie risasi za mazoezi.

Kwa kaka yako jibu ni fupi. Slaidi ya Glock 19 imechongwa kupokea kitako cha ganda cha karibu milimita 10, wakati cha .40 na cha .357 SIG kinakaribia 10.8, kwa hiyo mtutu peke yake hautoshi na angehitaji slaidi nzima. Zaidi ya hapo, chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, cheti hutaja aina ya silaha anayoruhusiwa na kiasi cha risasi anachoweza kununua na kuwa nacho. Akibadili kaliba, yaani ukubwa wa risasi, atakuwa na silaha ambayo cheti chake hakiitaji. Asimwendee fundi yeyote kabla ya kupata idhini ya maandishi kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha.

Wewe nenda uwanjani wiki hii, mwombe mtu akuchanganyie risasi bandia mbili katika magazini ya risasi kumi, kisha uniandikie mdomo wa mtutu ulifanya nini ulipozifikia.