Kilicholipuka ni Nini?

SWALI: Mwalimu, nimesoma habari ya "mlipuko wa ugonjwa wa wanajeshi" katika hoteli. Je, ugonjwa huu huwapata askari peke yao? Jina hilo ni sahihi kwa Kiswahili? Na hao askari hupewa chanjo yake?

JIBU: Ndugu msomaji, umekwazwa na neno "wanajeshi", nami nitakujibu. Lakini katika sentensi hiyo hiyo limo neno jingine ambalo umelipita bila hata kupepesa macho, na ndilo lililoninyima usingizi. Nitalirudia. Tumalize kwanza la kwako.

"Wanajeshi" si sahihi. Limetokana na kulifasiri jina la Kiingereza, Legionnaires' disease, lenye asili ya neno legio. Legio, kwa Kilatini, lilikuwa jeshi la Warumi, watu waliochaguliwa kwenda vitani. Asili yake ni kitenzi cha kuchagua na kukusanya. Wasomaji wa Injili wanalijua kwa sura ya Legioni, jina la lile kundi la pepo waliojitambulisha kuwa ni wengi, wakaingia katika nguruwe, nguruwe wakatimka mbio hadi ziwani. Yaani majini yakaishia majini. Kwa bakteria wanaoleta ugonjwa huu, ambao ni aina ya nimonia, hayo ni makazi mazuri mno.

Ama ugonjwa, ulipata jina lake mwaka 1976, pale American Legion, chama cha maveterani wa Marekani, tawi la Pennsylvania, kilipofanya mkutano katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Walioitwa "Legionnaires" walikuwa wanachama, wengi wao watu waliokwisha kuweka silaha chini zamani. Na hata wao hawakuwa peke yao: waliugua pia watu ambao hawakuingia hotelini kamwe, walipita barabarani tu mbele yake. Ukiuita "ugonjwa wa wanajeshi", msomaji ataukimbilia kambini kuutafuta, na kambini haupo zaidi ya kwingine. Bakteria wenyewe walipewa jina rasmi mwaka 1979, Legionella pneumophila, nusu ya pili ikiwa Kigiriki: mpenda mapafu. Mimi naandika legionela, kwa l moja, na ugonjwa wa legionela. Basi, hilo limekwisha.

Sasa tuje kwenye "mlipuko".

Baruti hulipuka. Bomu hulipuka. Mtungi wa gesi hulipuka, volkano hulipuka, na mtu mwenye hasira akichokozwa hulipuka. Vyote hivi vina sifa tatu: kishindo, papo hapo, na kila aliye karibu kujua kwamba jambo limetokea. Ndiyo maana tuna vilipuzi na walipuaji, na ndiyo maana kichwa cha habari kikisema "Mlipuko hotelini waua 34", mimi naona vioo vilivyopasuka, vifusi, na gari la zimamoto. Nasoma aya tatu nikitafuta bomu. Aya ya nne naambiwa ni nimonia.

Nichukue hoteli ile ile, kwa kuwa ndiyo kisa chenyewe. Mkutano ulianza tarehe 21 Julai ukaisha tarehe 24. Watu wakakutana, wakaagana, wakarudi makwao. Hakuna aliyesikia kishindo, wala aliyeona moshi. Ugonjwa huu kwa kawaida hujionyesha siku 2 hadi 10 baada ya mtu kuvuta pumzi yenye bakteria. Kwa hiyo huyu alishikwa na homa akiwa kwake, yule katika mji mwingine kabisa, kila mmoja mbele ya daktari wake aliyedhani ana mgonjwa mmoja wa nimonia. Ilibidi vifo vilivyotawanyika viunganishwe ndipo watu wakashtuka. Hesabu ilipokamilika, wagonjwa walikuwa 221 na waliokufa 34.

Kisha wakaja wapelelezi wa afya. Walishuku mafua ya nguruwe, yaliyokuwa yakiogopwa sana Marekani mwaka ule. Haikuwa hivyo. Walishuku sumu, wakayatuhumu hata madini ya nikeli. Haikuwa hivyo. Novemba hoteli ikafunga milango, na jibu bado. Mwishoni mwa Desemba mtaalamu mmoja wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, Joseph McDade, aliyekuwa amezoea kushughulika na riketsia, bakteria wadogo waishio ndani ya seli, akarudi kwenye slaidi alizokwisha kuzitazama na kuziweka kando, akakazia macho vijidudu alivyokuwa amevipuuza. Januari 1977 ikatangazwa kwamba ni bakteria.

Miezi karibu sita! Mlipuko gani huo, jamani, unaotafutwa kwa hadubini miezi sita?

Na si hilo tu. Walipopima damu iliyokuwa imehifadhiwa maabara tangu zamani, waligundua kwamba bakteria hawa walikwisha kupita mwaka 1968 mjini Pontiac, Michigan, wakawapa homa watu 144 katika jengo la ofisi, tena ofisi ya idara ya afya, bila kuua hata mmoja. Walikwisha kupita pia mwaka 1965 katika hospitali moja ya wagonjwa wa akili mjini Washington. Walikuwa nasi muda wote huo, hawana jina.

Tazama jinsi wanavyoishi, uone kama kuna baruti popote. Kwenye mito na maziwa wamo, wachache tu. Wakiingia katika mabomba, matangi ya maji ya moto na minara ya kupozea viyoyozi, wakakuta uvuguvugu wa nyuzi 25 hadi 45 na utelezi kwenye kuta, wanastarehe. Amiba huwameza akidhani amepata chakula. Wao huzaana ndani yake hadi apasuke. (Haya, hapo mlipuko mmoja mdogo nimeukubali.) Maji yakirushwa hewani kuwa manyunyu, wakavutwa puani, hufanya yale yale ndani ya seli za mapafu zilizowekwa kutulinda. Nimesema manyunyu, si mvuke. Mvuke hauwabebi, hupanda vijitone. Na mgonjwa hamwambukizi mwuguzaji wake, hivyo anayeandika "wagonjwa waliowaambukiza wenzao" ameongeza kosa juu ya kosa.

Mwaka 1999, katika maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, chanzo kilikuwa beseni la maji ya mapovu lililowekwa pale kwa maonyesho tu. Watu hawakuoga ndani yake. Walipita wakitazama maua, wakavuta hewa, wakaenda zao, na wengi wakaugua siku kadhaa baadaye. Mwandishi akiniambia kwamba maonyeshoni "kulilipuka", nitamwuliza: maua au beseni?

Najua nitakavyojibiwa. Lugha hukua. Mabango ya afya yameandika "mlipuko" tangu enzi, redio zimeuimba, na hata moto tunasema umeripuka ukishika nyasi kavu, kwa nini si kipindupindu? Sawa. Kipindupindu hukimbia kama moto wa nyikani, na kwa hicho nimekwisha kuchoka kubisha, andikeni. Lakini tulilichukua neno hili kwa Mwingereza bila kupima kama linatuenea, na sasa tuna mlipuko wa bei, mlipuko wa idadi ya watu, na juzi nimesoma, kwa macho haya, kwamba "mlipuko umelipuka tena". Huo sitaupitisha hata nikibaki peke yangu.

Mbona tuna maneno? Ugonjwa huzuka. Ni kitenzi kile kile kinachotupa mzuka, kiumbe kinachotokea usichojua kimetoka wapi, na legionela kwa miezi sita ile alikuwa mzuka hasa. Ukitaka nomino, ipo mkurupuko. Mnyama hukurupuka kichakani alimokuwa amejibanza siku zote, wewe ukipita bila habari. Kichaka ni bomba, na aliyejibanza unamjua. Kama ningeagizwa kubuni neno kwa ajili ya bakteria huyu, nisingepata bora zaidi, nalo limo katika matumizi tayari, linangoja tu waandishi waliokwisha kuzoea baruti.

Kwa hiyo habari uliyoisoma ingeandikwa "mkurupuko wa ugonjwa wa legionela", na isingempeleka mtu kambini wala kwenye vifusi. Ulimalizia kwa kuuliza kama askari hupewa chanjo. Hakuna chanjo ya ugonjwa huu, kwa askari wala kwa raia. Mabomba husafishwa, na maji ya moto huwekwa yakiwa ya moto kweli, nyuzi 60 na zaidi.