Ukitaka kutengeneza tanuri la moshi kwa tangi chakavu, anza na hewa

Migebuka yangu ya kwanza ya moshi, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, nilimpelekea mama mmoja anayekausha samaki pale mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Nilitaka kauli ya mtu anayeijua kazi. Akachukua mmoja, akamvunja mgongoni, akanusa, akaonja kipande kidogo. Akakaa kimya kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu umemfungia moshi. Ungeupa pa kutokea, asingekuwa mchungu hivi."

Nilirudi nyumbani nikamwita tena fundi, tukakata upya kitu ambacho nilikuwa nimeshakilipia. Kosa langu lilikuwa kuziba kila tundu, nikidhani moshi ukibaki ndani ndipo utaingia kwenye samaki. Ukweli ni kinyume chake. Moshi uliotuama hupoa, na ukipoa huangusha masizi na utomvu mweusi juu ya chakula. Ndio uchungu ule, na ndio weusi unaobaki vidoleni. Tena si ladha peke yake: moshi mzito wa kuni zisizopata hewa una kemikali kama benzopaireni, ambayo inajulikana kusababisha saratani. Kwa hiyo ukisoma makala hii ukachoka katikati, angalau ondoka na hili: tanuri la moshi ni njia ya hewa kwanza, tangi baadaye.

Tangi lenyewe sasa. Langu lilikuwa la kompresa ya fundi pancha, nikalikuta kwa wanunuzi wa vyuma chakavu huku Mwanga. Urefu sentimita 110, upana 40, yaani kama lita 140. Nililipendea unene, milimita tatu na ushee. Huhitaji kipimo kuujua: gonga kwa kifundo cha kidole. Bati jembamba linalia kama debe, chuma kinene kinatoa sauti nzito inayokaa kidogo kabla ya kufa. Pipa la lita 200 ni rahisi kupatikana na watu wengi wanalitumia, lakini ukuta wake ni kama milimita moja tu. Upepo wa ziwani wa Juni na Julai ukilipiga, joto linashuka na wewe unaongeza kuni, na kwa kuongeza kuni unaharibu moshi. Ukiwa na pipa tu, litumie, ila liweke nyuma ya ukuta.

Kabla ya kununua, uliza tangi lilibeba nini. Usione haya kuuliza mara mbili, na muuzaji asipojua, liache. Pipa tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki umeshachanganyika na hewa na unasubiri cheche moja ya grenda. Mitungi ya gesi mimi siigusi kabisa. Na mapipa ya dawa za mimea, ambayo huku kwetu hadi Tabora kwenye tumbaku hayakosekani, hayaoshwi yakafaa kwa chakula, hata uyachemshe vipi. Tangi la kompresa nalo lina utaratibu wake: fungua koki ya chini, hewa na maji machafu vitoke, ng'oa vizibo vyote, kisha osha ndani kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, maana kuna oili iliyoganda na kutu.

Angalia pia kama chuma kimepakwa zinki, ile rangi ya kijivu inayong'aa kama mabati mapya. Zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku ule ule. Fundi wangu alishawahi kuugua hivyo, akaniambia mapema kabisa, "Kaka, kama ni la zinki tafuta mtu mwingine." Kwa sababu hiyo hiyo usitengeneze wavu wa kulazia samaki kwa waya wa kuku. Trei za friji chakavu nazo ziache, kwa kuwa baadhi ya zile za zamani zilipakwa kadimiamu, ambayo ni sumu. Wavu wangu ni nondo za milimita 8 zilizosuguliwa hadi kuwa nyeupe, zimepangwa kwa nafasi ya kidole kimoja.

Sasa kazi ya mlango, ambayo ndiyo inayowashinda wengi. Tangi likikatwa hujikunjua, maana chuma kilikunjwa kwa nguvu kiwandani na bado kinataka kunyooka. Ukikata pande zote nne kwa mkupuo mmoja, mlango unatoka umepanuka na haurudi mahali pake. Sisi tulichora mlango kwa chaki, tukakata upande wa bawaba peke yake, fundi akasimamisha grenda. Tukachomelea bawaba zote mbili hapo hapo, tangi likiwa bado zima pande tatu. Ndipo tukamalizia kukata. Jiwe la grenda lilipopita kona ya mwisho, mlango ulishuka kidogo, unene wa jiwe tu, ukakaa. Baadaye tukazungushia kingo zake flati baa (chuma bapa) ya inchi moja, nusu yake ikitokeza nje, ili ukifungwa ulalie juu ya tangi na kuziba ule mwanya.

Kwenye ncha moja ya tangi lililolazwa, kwa chini, tulichomelea sanduku la moto, sentimita 35 kila upande. Kipimo ninachokifuata ni sanduku kuwa kama theluthi ya ujazo wa chumba cha nyama, yaani tangi lenyewe. Likiwa dogo mno utakesha unachochea, likiwa kubwa mno utachoma badala ya kukausha. Sanduku lina matundu mawili ya hewa ya inchi moja na nusu, yenye vifuniko vya kusukuma. Ncha ya pili ndiko kwenye bomba la moshi la inchi tatu. Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, nilikuwa na kibomba kifupi cha inchi moja. Sasa bomba ni refu, sentimita 75, na mdomo wake wa ndani nimeushusha hadi usawa wa wavu. Ukiuacha darini, joto linakimbilia juu na kutoka bila kumgusa samaki. Bomba huwa sizibi. Moto ninauongoza kwa matundu ya chini tu.

Moto wa kwanza usiweke chakula. Washa moto mkali kwa muda wa saa tatu hivi, tundu zote wazi, oili na harufu viishe. Likipoa hadi kuwa vuguvugu, paka mafuta ndani na nje, washa tena. Wengi hapa Kigoma tutakimbilia mawese, nami ndivyo nilivyofanya, yakabaki yananata na kushika vumbi kwa wiki nzima. Mawese hayakauki juu ya chuma. Mafuta ya alizeti ndiyo yanayoshika, na ukirudia mara mbili tatu chuma kinakuwa cheusi, kikavu, na kutu inachelewa.

Kuni: mwembe na mpera, ziwe zimekaa angalau miezi sita. Miembe hatuna uhaba nayo, Ujiji ukitembea hatua chache umepata kivuli cha mwembe. Ninaanza na mkaa wa kutosha kujaza karai dogo, kisha naweka kipande kimoja cha mwembe cha ukubwa wa mkono, na kingine kila baada ya dakika 40. Misonobari ina utomvu, iache. Maranda ya fundi seremala nayo huwezi kujua kama yana vanishi. Tazama bomba: moshi mweupe mzito maana yake fungua hewa. Unaoutaka ni mwembamba, wa buluu hafifu, unauona vizuri tu ukiwa na kitu cheusi nyuma yake.

Migebuka nawapasua mgongoni, nawaosha, nawalaza kwenye maji ya chumvi, gramu 100 kwa lita moja, muda wa saa moja. Kisha nawaning'iniza kivulini hadi ngozi ikauke na kunata kidogo ukigusa. Hatua hii usiiruke, samaki mbichi mwenye maji huvuta masizi. Saa ya kwanza joto liwe la chini, kama nyuzi 60, baadaye panda taratibu hadi 100. Kwa saa tatu au nne wanakuwa tayari, rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia. Samaki huyu bado ana maji ndani, ni wa kuliwa siku hiyo au kesho yake. Wa kupanda treni kwenda kwa ndugu Tabora lazima aendelee kukaushwa kwa joto dogo hadi awe mgumu na mwepesi mkononi.

Nyama nilijifunza kwa lazima. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, migebuka ikaadimika na tanuri likabaki bila kazi, nikaanza na paja la mbuzi, baadaye kidari cha ng'ombe. Hizo zinataka nyuzi 110 hadi 120 na uvumilivu. Nunua kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama. Kidari kikifika nyuzi 70 hivi joto linagoma, saa moja, mbili, hata tatu, na hapo ndipo watu wanapochochea moto kwa hasira. Usichochee. Ni maji yanayotoka kwenye nyama na kuipoza, kama jasho linavyompoza mtu. Yakipungua, joto linapanda lenyewe, na kwenye 93 kidari kinaanza kulegea. Kuku mwache hadi afike 74, asipungue hapo.

Wanaotaka kukausha kwa biashara, makreti kwa makreti, tangi halitoshi. Hao waulizie jiko la Chorkor, lililoanzia kijiji cha wavuvi huko Ghana. Wengine wote, liwekeni tanuri uwanjani, kamwe lisiwe ndani ya chumba au jiko lililofungwa, kwa sababu gesi ya mkaa huua bila kunuka. Na jivu litoe kila likipoa. Jivu likinyeshewa ndani ya sanduku linakula chuma kutoka chini, mahali usipopaona; langu nililikuta limetoboka mwisho wa masika, nikachomelea kiraka cha milimita nne. Sasa hivi mbalamwezi ni kali na wavuvi, ambao huvuta samaki kwa taa usiku wa giza, wamepumzisha taa zao. Kiraka nimeshakipaka mafuta, kuni za mwembe zimepasuliwa, na giza likirudi nitakuwa Kibirizi alfajiri na ndoo mbili.