Treni ya Bububu: maswali yenu

Wiki hii yamekuja maswali kibao kuhusu reli ya zamani kule Unguja, nimechukua manne maana mengi yanarudia yaleyale.

Eti Bububu imeitwa hivyo sababu ya mlio wa treni?
Hadithi tamu kweli, ila haiwezekani. Treni imeanza 1905, na Seyyida Salme, binti wa Sultan wa Zanzibar, aliishataja Bububu kwenye kumbukumbu zake zilizotoka 1886, aliwahi kuishi huko. Kijiji ndo kilichoipa treni jina.

Si ndo ile ya Sultan Barghash?
Hapana, hapo wengi wanachanganya. Ya Barghash ilienda Chukwani, kusini mwa mji, na Bububu iko kaskazini. Mwanzoni mabehewa yake yalivutwa na nyumbu, baadae ndo akaagiza kichwa cha treni Uingereza, alivyofariki 1888 na reli yake ikaishia hapo. Hii ya Bububu waliijenga Wamarekani, kampuni ya Arnold, Cheney & Co., kama kilomita 11 hivi kuanzia Ngome Kongwe pale Mji Mkongwe.

Kwanini ilikuwa nyembamba hivyo?
Kati ya reli na reli ni futi 3, yani milimita 914, hata ile metageji ya bara (reli yenye upana wa mita moja) inaizidi. Sasa kama umewahi kupita Mji Mkongwe unajua, mkikutana na mkokoteni kwenye kichochoro mmoja lazima ajibane ukutani, halafu humohumo ndo lipite treni linatoa moshi na cheche! Watu walikuwa wanajibanza milangoni mwa nyumba kuipisha. Reli nyembamba inakata kona kali bila shida, na kuijenga ni bei nafuu.

Ilikufaje, na kuna kilichobaki?
Serikali iliinunua 1911, halafu serikali hiyohiyo ikaanza kutengeneza barabara nzuri, magari yakaongezeka, abiria wakahama. Mi naona ni kama mtu kanunua ng'ombe kisha akamnyima majani. 1922 abiria wakasitishwa, ikabaki kubeba mawe ya kujazia bahari pale bandarini, treni iliyokuwa inapeleka watu kutembea shamba! Reli zenyewe ziling'olewa, ila Ngome Kongwe ilikuwa depo yake, kwahiyo ukiingia pale uani ujue umesimama walipokuwa wanalaza treni. Bububu kwenyewe siku hizi panda daladala ya 502.