Kwa nini Louise aliikwepa Texas?

SWALI: Shikamoo dada. Nimetazama Thelma & Louise ya mwaka 1991. Marafiki hao wako Oklahoma, wanawakimbia polisi kuelekea Meksiko, na njia fupi ni Texas. Kwa nini Louise anakataa katakata kupita huko? Nimeirudia mara mbili, jibu sijaliona.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujapitwa na kitu, filamu haitamki. Thelma anapombana, Louise anakuwa mkali: hataki kulizungumzia. Lakini rudi pale maegeshoni, nje ya baa, Arkansas. Yule mwanamume aliyetaka kumbaka Thelma ameshamwachia, bastola imemwelekea, kisha anatoa tusi moja na Louise anafyatua. Risasi ile haikuwa ya Thelma peke yake; ilikuwa pia ya yale yaliyompata Louise mwenyewe huko Texas. Mimi nililielewa hilo mara ya tatu, kwenye kanda ya video sebuleni kwa shangazi, nikalia. Callie Khouri aliyeandika hadithi alipata Oscar, na kwangu ukimya huo ndio uliostahili tuzo, maana tungeelezwa kila kitu tungekaa kumhukumu Louise badala ya kupanda naye gari. Na lile bonde la mwisho, ambalo wengi hudhani ni Grand Canyon? Walilipigia picha Utah.