ULIZA FUNDI: Nimeshusha spidi, sensa ndo ikagoma kabisa

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Ngamiani hapa Tanga, nimeunda kidude cha kusoma kina cha maji kwenye tanki la shamba letu Pongwe, ni Arduino (kibodi kidogo cha kompyuta) na chipu ya MAX485 ya kutuma na kupokea data kwenye waya mrefu, sensa inaongea Modbus, lugha ya vifaa kuulizana na kujibizana. Mezani nilitumia spidi ya 19200, yani biti kwa sekunde, ikasoma siku nzima bila shida. Nikaenda kufunga, waya una mita 80 hivi, nikashusha iwe 9600 kote kote, kwenye sensa na kwenye kodi, nikijua waya mrefu unataka pole pole, basi tangu hapo haijibu hata mara moja. Nimebadilisha waya, nimesafisha viungio maana chumvi ya huku inakula kila kitu, wapi! Kwenye kodi nikishatuma nasubiri milisekunde 5 afu naachia pini ya DE, ile inayoiruhusu chipu kutuma. Jirani ana osiloskopu, kile chombo cha kuchora umeme kwenye skrini, ila sijui niishike wapi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Waya uache, na chumvi leo haina kesi, ingawa sisi watu wa Tanga hata redio ikikoroma tunasingizia bahari. Mita 80 kwa RS-485, aina ya laini inayotumiwa na chipu yako, ni hapo na hapo, laini hiyo kwa spidi ndogo inafika hata mita 1200.

Chukua probu mbili, moja weka kwenye DE nyingine kwenye TX, pini ambayo data inatokea, klipu zote mbili za graundi zishike graundi ya bodi, triga, yani alama ya kuanza kuchora, iwe DE inapopanda, na kila kisanduku cha skrini kiwe milisekunde 2. Utaona DE imepanda, TX imeanza kucheza, afu DE inashuka wakati TX bado inacheza! Yani unamfunga mtu mdomo katikati ya sentensi, afu unalalamika hajibiwi.

Piga hesabu. Swali lako la Modbus ni baiti 8, kila baiti biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, jumla 80. Kwa 19200 hiyo ni milisekunde 4.2, ndo maana zile 5 zilikuokoa mezani, bahati tu. Kwa 9600 inakuwa 8.3, kwa hiyo unakata kwenye baiti ya tano na sensa inatupa ujumbe wote.

Sasa usiende kuweka milisekunde 20 badala ya 5 ukaona umemaliza, najua ndo unachowaza. Sensa inaruhusiwa kuanza kujibu baada ya kimya cha karibu milisekunde 4, ikianza na wewe bado umeshikilia laini mtagongana. Tatizo ni kwamba Serial.write, amri ya kutuma kwenye kodi, inamwaga baiti kwenye bafa (foleni ya kusubiri kutoka) inakuachia uendelee, haingoji zitoke. Futa hiyo ya kusubiri, weka Serial.flush() hapo, yenyewe inangoja baiti zote zitoke, ndo uachie DE.

Halafu siku ukitaka kuangalia A na B zenyewe, zile nyaya mbili za laini, klipu ya graundi usiishike kwenye B kamwe, skopu ya kuchomeka ukutani klipu yake imeungana na ethi ya umeme, utaishotisha laini. Tumia probu mbili, mwambie skopu itoe A kasoro B.

Ukishabadilisha kodi rudi kwa jirani uangalie tena, DE ishuke mara tu TX inaponyamaza. Ikigoma bado, piga skrini picha na simu utume, mistari yote miwili ionekane.